Mimi, Fyuzi Mbili na Kilima cha Olbalbal

Jamani, kabla video haijawafikia nisikieni mimi mwenyewe: leo nimejiaibisha mbele ya ng'ombe mia nne na wenye ng'ombe wote. Mchana kweupe. Nikiwa nimevaa koti jeupe la kazi.

Naisimulia mwenyewe kwa sababu dereva wa bosi ameshairusha, na ameiandikia maneno "Daktari kapandwa na nini?" Sijapandwa na kitu! Nilikuwa nacheza muziki. Anayetaka kucheka acheke, lakini acheke akiwa na maelezo kamili.

Kwa msionifahamu, mimi ni Paskalina, mtoto wa Karatu. Ni afisa mifugo, na huu ni mwaka wa sita nafanya kazi Ngorongoro. Huku wananiita Daktari (sijawahi kuwakatalia). Nina miaka thelathini na tisa, ni mzee wa kanisa, na ninawapenda Fyuzi Mbili kuliko inavyompasa mzee wa kanisa kupenda kitu chochote chenye besi.

Fyuzi Mbili ni madijei wawili wa Mwanza. Hawaimbi. Hawachani mistari. Wanakusanya milio ya mashine na ngoma za kompyuta, wanaiunganisha saa nzima bila kukata. Mmoja anashika besi, mwenzake anashika kila kinacholia juu ya besi. Miksi yao ya kwanza niliipata chuoni kwenye flashi ya kuazima (Rehema, kama unasoma hapa, flashi yako ninayo, samahani). Miksi ya tatu ndiyo niliyokuwa naisikiliza mwaka ule mama anaumwa. Tulikuwa tunakaa kwenye benchi la hospitali, kidude kimoja cha sikioni kwangu, kimoja kwake. Mama alikuwa mtu wa kwaya maisha yake yote. Akasikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akasema, "Hii inaenda kama moyo." Basi. Tangu siku hiyo usije kuniambia kwamba ule si muziki.

Dada yangu Fabiola ananiambia. Ana duka pale Karatu, na kila nikiweka Fyuzi Mbili anauliza kama friji lake limeharibika tena.

Sasa, baada ya ile miksi ya tatu wakanyamaza. Miaka saba! Wengine wakasema wamegombana, wengine wakasema mmoja ameokoka. Wiki tatu zilizopita wakaweka picha nyeusi, na maandishi meupe katikati: "Jumanne. Saa tano kamili." Nilipiga kelele sokoni, muuza vitunguu akadhani nimekanyagwa na mkokoteni.

Jumanne ni leo. Na leo ndiyo siku niliyopangiwa kuchanja ng'ombe Olbalbal.

Msiopajua, Olbalbal ni tambarare kavu chini ya milima ya Kreta ya Ngorongoro. Vumbi, nyasi fupi, na anga. Chanjo yenyewe si ya mzaha. Mwaka juzi wafugaji waliikataa, maneno yalizuka kwamba inatoa mimba za ng'ombe. Nimekunywa chai ya maziwa kwenye maboma yao miaka miwili, naeleza, narudia, naeleza, mpaka wakakubali kuleta ng'ombe wote siku moja. Leo. Na bosi wangu, Bwana Kimario, alikuwa anakuja saa tano na nusu kuona kwa macho yake. Nikiharibu leo, nahamishwa. Hilo halikufichwa.

Kwa hiyo saa mbili asubuhi tumeanza. Deli la barafu lenye chanjo liko kivulini, ng'ombe wanapita mmoja mmoja kwenye kibanio cha mbao, mimi nachoma, anayetoka anapakwa rangi ya bluu mgongoni ili asichanjwe mara mbili. Kazi inaenda vizuri kabisa. Tatizo moja tu: kila baada ya ng'ombe watatu naangalia saa.

Lembris akaniona. Lembris ndiye mwenyekiti wa kitongoji, rika langu, mtu wa maneno machache, na ndiye anayenitafsiria kwa Kimaasai.

"Daktari, mbona leo una saa sana?"

"Saa tano kamili lazima nipande pale kilimani kwenye mtandao."

"Kuna nini?"

"Kuna kitu kinatoka leo. Tumekisubiri miaka."

Lembris akashusha fimbo yake. "Kinatoka leo? Kweli?"

"Wameahidi wenyewe."

"Na wewe ndiye utakayepata habari?"

"Saa tano kamili. Nitakuwa wa kwanza."

Akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. Akanishika bega. "Daktari," akasema, "Mungu akubariki."

Nikafikiri, kumbe Lembris naye ni mpenzi wa muziki!

(Naomba muone kwamba sikusema uongo hata neno moja. Hata leo jioni nimerudia mazungumzo yale kichwani, yote ni kweli tupu.)

Jambo ambalo sikulifikiria ni pampu. Pampu ya kisima chao imekufa tangu masika yaishe. Ng'ombe wanatembezwa siku nzima kwenda kunywa, wakirudi wana kiu ileile. Mtu wa Olbalbal ukimwambia kuna kitu tumekisubiri miaka na kinatoka leo, atafikiria nini? Atafikiria miksi? Hata mimi sasa naona. Saa ile sikuona. Nilimwona Lembris anakwenda kwa wenzake, wanainamishiana vichwa, nikajua anawatangazia mapumziko.

Saa tano kasoro robo nikavua glavu, nikachukua hedfoni zangu kubwa nyekundu, nikapanda.

Kile kilima kwa kweli ni rundo la mawe lenye majani kidogo, dakika kumi umefika juu. Lakini ndicho pekee. Pande zote tambarare imelala kama mkeka. Mtu akisimama pale juu anaonekana na kila mwenye macho mpaka kule ng'ombe wanapoanza kufanana na mbuzi. Hilo pia sikulifikiria (leo kufikiri kulikuwa kwa zamu).

Mtandao unapatikana juu ya jiwe moja, ukiinua simu na kuelekea upande wa Kreta. Nikasimama kwenye jiwe. Saa tano kasoro dakika mbili. Kasoro moja. Moyo unanidunda kama nasubiri matokeo ya mtihani. Saa tano kamili nikafungua. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kikazunguka! Nikasali, sioni aibu kusema. Mara ikatokea picha, fyuzi mbili nyekundu, na alama ya kucheza. Nikabonyeza.

Jamani.

Ilianza taratibu, mlio kama maji yanadondoka ndani ya ndoo tupu. Tone, tone. Kisha tone likapata mwenzake. Kisha chini kabisa besi ikaingia, ile besi yao, ambayo husikii kwa masikio bali kwa magoti. Miaka saba! Kumbe hawajagombana! Kumbe hakuna aliyeokoka, au kama ameokoka ameokoka na besi yake!

Nikacheza.

Kuna watu wanaocheza kwa mabega tu, kistaarabu, wakishika soda. Mimi sichezi hivyo. Mimi nacheza kama mtu anayezima moto wa nyasi kwa miguu. Mabuti ya mpira juu, mabuti ya mpira chini, koti jeupe linapepea, simu hewani ili mtandao usikatike. Nilizunguka. Niliruka. Kuna mahali niliinua mikono yote miwili na kuitikisa, nakumbuka vizuri kwa sababu kwenye video ndipo dereva anaposema, "Ni nyuki! Bosi, ni nyuki!"

Ikakatika ghafla. Nikasema mtandao. Nikabonyeza tena, nikacheza tena. Ikakatika palepale. Nikabonyeza mara ya tatu. Ya nne. Mara ya nne nilikuwa nimeshazijua ngoma zote, nikazicheza hata kabla hazijalia.

Ya tano ndipo nikasoma maandishi madogo chini ya picha: "Hiki ni kionjo. Miksi kamili Ijumaa."

Kionjo! Dakika moja na nusu! Watu wazima wawili, miaka saba, wananilambisha kijiko!

Nikavua hedfoni. Nikasikia nyimbo.

Mwanzoni nilidhani zinatoka kwenye simu. Nikageuka. Wanawake kama ishirini walikuwa wanapanda kilima, shanga zinarukaruka mabegani, wanaimba kwa kupokezana. Chini, vijana wamejipanga duara na kuanza kuruka juu, yaani kuruka kweli, kule kuruka kwao. Pale kwenye kibanio hapakuwa na mtu. Ng'ombe wenye rangi ya bluu na wasio na rangi wamechanganyika, wanatembea wanapotaka. Na kwa mbali, vumbi la gari la ofisi. Bosi.

Aliyetangulia ni Mama Naserian. Huyu mama ana ng'ombe wengi kuliko wanaume wengi wa pale, na ndiye aliyekuwa wa mwisho kuikubali chanjo. Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Tumekuona, mwanangu! Tumekuona ukiruka! Wamesema lini?"

Mimi bado nina uchungu wa kionjo. Nikajibu kilichokuwa mbele ya macho yangu.

"Ijumaa."

Mama Naserian akageukia tambarare, akaweka mikono mdomoni. "IJUMAAAA!"

Chini kukalipuka vigelegele. Mzee mmoja alirusha fimbo yake juu, ikapotea.

"Yeyo," nikamwambia, maana huku mama mtu mzima tunamwita hivyo, "Ijumaa kuna nini?"

"Maji!" akasema, machozi yanamlengalenga. "Pampu! Lembris ametuambia. Umesema umekuja huku juu kupata jibu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikaa juu ya lile jiwe la mtandao. Wale wanawake wakadhani nimezidiwa na furaha, wakaniinua, wakaniteremsha kilima wakiimba. Nilishuka nimeshikiliwa kama bibi harusi. Najua kuna aibu nyingi duniani, lakini niambieni, nani kati yenu amewahi kubebwa na watu wenye kiu akisifiwa kwa maji ambayo hakuyaomba?

Tulipofika chini, Bwana Kimario alikuwa ameshashuka garini na wameshamvika. Shuka jekundu begani, mkufu wa shanga shingoni, suruali yake ya kadeti imejaa vumbi. Anapewa mikono na kila mtu. Anatabasamu kama mtu aliyekabidhiwa keki ya harusi ya watu wengine.

Akanivuta pembeni. "Paskalina," akaninong'oneza huku meno bado yako nje, "nimefanya nini?"

"Umeleta pampu, bosi."

"Lini?"

"Ijumaa."

Tabasamu likabaki usoni kwa sababu watu walikuwa wanaangalia, lakini macho yake yalikuwa yameshaandika barua ya uhamisho.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema tutafuatilia, tukapanda gari, na Ijumaa ingefika mimi nikiwa Karatu nimezima simu. Niliwaza hivyo, sitawaficha. Lakini niliwaangalia wale wanawake waliopanda kilima kwa jua lile. Watu hawa nilikaa nao miaka miwili nikiwaambia, niaminini, sindano hii haina madhara. Nikiwadanganya kwa maji, wataiaminije sindano?

Nikapanda juu ya ubao wa kibanio. Nyimbo zikakoma. Lembris akasimama karibu nami ili atafsiri.

"Ndugu zangu," nikasema, "hakuna habari ya maji. Sikuongea na mtu yeyote kuhusu pampu. Kuna madijei wawili wa Mwanza ninaowapenda. Wametangaza miksi mpya. Nimepanda kilimani kuisikiliza, nikafurahi, nikacheza. Ijumaa ndiyo siku inayotoka miksi. Nimewakosea, nisameheni."

Lembris alinitazama kutoka chini.

"Daktari, niwaambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Maneno yangu yote yale akayatafsiri kwa maneno matatu. Mpaka sasa sijui ni matatu yapi na sitaki kujua.

Ng'ombe mmoja akalia. Dereva alikuwa bado anapiga video (laana zake nitamtumia mwenyewe kwa namba yake). Mama Naserian akaja mpaka kwenye kibanio, akaweka mikono kiunoni.

"Hiyo ngoma," akasema kwa Kiswahili, polepole, ili kila mtu asikie, "imetoka au haijatoka?"

"Haijatoka, yeyo. Wametoa kipande tu."

"Yaani uliruka vile, na mabuti, kwa ngoma ambayo haijatoka?"

Hapo ndipo ningetakiwa kuinamisha kichwa. Sikuinamisha. Sijui ujasiri ulitoka wapi, nadhani ni ile besi.

"Ndiyo," nikasema. "Na ikitoka nitaruka zaidi."

Akanitazama. Akautazama umati. Akanitazama tena.

"Na sisi tumeimba kwa maji ambayo hayajatoka," akasema. "Basi tuko sawasawa."

Akaanza kucheka yeye. Mama yule anacheka kwa mwili mzima, shanga zote zinashiriki. Wakafuata wenzake, wakafuata vijana, mwisho hata Lembris, ambaye sikujua kama ana meno ya nyuma. Walinicheka, jamani, walinicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kijana mmoja akaniigiza na mabuti ya kufikirika. Aliniigiza vizuri mno, tena alipatia mpaka ile ya mikono.

Bwana Kimario akaona ni nafasi nzuri ya kuvua shuka. Mama Naserian akamshika mkono.

"Hapana, baba. Shuka ni lako. Ila sasa na pampu ni yako."

Mtandao, nilishawaambia, uko juu ya jiwe moja. Kwa hiyo bosi wangu akapanda kilima na viatu vyake vya ofisini kumpigia fundi wa pampu. Watu mia na zaidi walisimama chini, wakimwangalia miguu. Hakuruka. Alitembeatembea, akainua mkono mmoja, akaushusha. Aliporudi alisema fundi ameshangaa, hana taarifa yoyote. Ikaulizwa, nani alitoa taarifa ya pampu? Lembris alidhani mtendaji wa kijiji alitoa, mtendaji alidhani Lembris alitoa, na mimi ninayepita kando ya ile pampu kila wiki nilidhani wote wawili wametoa. Fundi amesema Alhamisi anakuja kuiangalia. Kuiangalia tu, hakuahidi zaidi. Hakuna aliyeimba safari hii.

Kutenganisha ng'ombe wa bluu na wasio wa bluu kumetuchukua mpaka saa tisa alasiri, kwa jua la kukaanga mayai. Lakini wamechanjwa wote. Hata mfugaji mmoja hakuondoa ng'ombe wake! Naomba hilo dereva naye alirushe.

Tulipomaliza Mama Naserian akaomba asikie hicho kitu. Nikamvalisha hedfoni juu ya shanga za masikioni. Akasikiliza dakika moja na nusu nzima, uso mkavu kama ukuta. Akavua.

"Hawa wawili wamegombana?"

"Hapana, yeyo. Ndivyo wanavyopiga."

"Hakuna anayeimba. Mashine ya kusaga pale Karatu inaimba vizuri kuliko hii."

Sawa. Lakini nilikuwa naangalia chini, na kidole gumba cha mguu wake kwenye kile kiatu cha tairi kilikuwa kinapiga mlemle kwenye besi. Nimekiona. Hata akikataa mbele ya kanisa zima, nimekiona.

Tukaondoka na gari la ofisi mpaka geti la hifadhi. Getini bosi akasema, "Andika maelezo. Nataka kujua ulikuwa unafanya nini kilimani saa za kazi. Kesho asubuhi mezani kwangu."

Nimeshayaandika. Fabiola alisema niseme nilikuwa nafuatilia mawasiliano, au nisingizie nyuki, maana ushahidi wa nyuki upo kwenye video kwa sauti ya dereva mwenyewe. Nimekataa. Nimeandika mstari mmoja: "Nilikuwa nacheza." Nikaweka tarehe, nikapiga sahihi, nikagonga muhuri.

Kuna somo nimepata leo, nalo ni hili: ukitaka kucheza peke yako, usipande kilima pekee kwenye tambarare nzima. La kuacha kucheza sijaliona mahali.